Kuvu ya Mizizi na Mti wa Matunda Wakati wa Ukame

Mikoriza ni ushirika kati ya mizizi ya mmea na kuvu ya udongoni. Kuvu hiyo huingia ndani ya mzizi bila kuudhuru, hupokea sukari na mafuta yaliyotengenezwa na mmea, na kwa upande wake huuletea mmea madini na maji kutoka sehemu za udongo ambazo mzizi wenyewe haufiki. Zaidi ya theluthi mbili ya aina za mimea ya nchi kavu huishi kwa ushirika wa namna hii, na karibu matunda yote yanayouzwa katika masoko ya Afrika Mashariki yamo: machungwa, maembe, maparachichi, ndizi, mapapai, mananasi, mapera, pasheni, zabibu na matikiti maji. Makadamia, inayolimwa sana katika nyanda za juu za Kenya, ni miongoni mwa michache iliyo nje ya ushirika huo, kwa kuwa ina mizizi ya vishada inayojitafutia fosforasi kwa njia nyingine.

Ushirika wenyewe ni wa kale kuliko mizizi. Katika mawe ya Rhynie, huko Uskoti, yamehifadhiwa mabaki ya mimea iliyoishi miaka takriban milioni 400 iliyopita. Mimea hiyo haikuwa na mizizi ya kweli wala majani, lakini ndani ya seli zake yanaonekana maumbo ya kuvu yanayofanana na yale yanayoonekana leo ndani ya mzizi wa mgomba. Wataalamu wengi wanaamini kwamba mimea ilipotoka majini kuja kuishi kwenye ardhi kavu, ilisaidiwa na mshirika huyu.

Kwa mkulima wa matunda, jambo hili lina uzito wa pekee. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika katika sehemu kubwa za Kenya, Ethiopia na Somalia. Ukame ukipiga shamba la mahindi, mkulima hupoteza msimu. Ukipiga shamba la maembe au machungwa, anaweza kupoteza mti aliousubiri kwa miaka kadhaa uanze kuzaa, na kuanza upya kutoka kwenye kitalu. Kwa hiyo chochote kinachouwezesha mche kuvuka kiangazi chake cha kwanza na cha pili kinastahili kuchunguzwa kwa makini.

Elimu ya mikoriza ilianzia msituni. Mwaka 1885 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Albert Bernhard Frank, aliyepewa kazi na serikali ya Prussia kutafuta njia ya kulima trufo, yaani uyoga wa thamani unaoota chini ya ardhi, aligundua kwamba mizizi ya miti ya msituni ilikuwa imefunikwa na kuvu, na kwamba miti hiyo haikuwa na ugonjwa wowote. Akaeleza kuwa kuvu ilikuwa ikiilisha miti. Wenzake wengi walikataa kumwamini, kwa kuwa kuvu ilijulikana kama adui wa mazao. Hata leo mkulima akisikia neno fangasi hufikiria kwanza dawa ya kupulizia.

Kwa upande wa matunda, hatua kubwa ilipigwa na Barbara Mosse katika kituo cha utafiti cha East Malling, huko Kent, Uingereza, kituo kinachoshughulikia miti ya matunda. Mwaka 1953 alichapisha taarifa kuhusu kuvu iliyoshikamana na mizizi ya stroberi, na miaka michache baadaye akaonyesha kwamba miche ya tufaha iliyopewa kuvu ilikua zaidi na kufyonza madini mengi kuliko miche isiyopewa. Kabla yake hakuna aliyekuwa na uhakika ni kuvu ipi hasa inayofanya kazi hiyo ndani ya mizizi. Moja ya kuvu zinazotumiwa zaidi duniani katika majaribio ya ukame, Funneliformis mosseae, imepewa jina kwa heshima yake.

Ushirika huanza kwa mawasiliano ya kikemikali. Mmea unaopungukiwa na fosforasi hutoa kwenye mizizi yake kemikali za kundi la strigolaktoni. Spora ya kuvu iliyo karibu ikihisi kemikali hizo, uzi unaochipua kutoka kwake hutawanyika matawi kwa wingi kuelekea mzizi. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2005 na watafiti wa Japani wakiongozwa na Kohki Akiyama. Ugunduzi huo ulijibu swali lililowasumbua wataalamu wa mazao kwa muda mrefu. Tangu 1966 ilijulikana kwamba kemikali hizo huamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mahindi, mtama na uwele katika mashamba mengi ya Afrika. Ilikuwa vigumu kueleza kwa nini mmea uendelee kumwita adui yake. Sasa inaeleweka kwamba mmea unamwita mshirika, na kiduha kimejifunza kudukua wito huo.

Uzi wa kuvu ukishapenya ngozi ya mzizi, huingia katika seli za ndani na kujigawa humo katika matawi membamba mno, yenye umbo la kijiti. Hapo ndipo mabadilishano hufanyika. Kila kijiti huishi siku chache tu, kisha mmea hukimeng'enya na kingine hukua mahali pengine. Mmea hutoa kati ya asilimia 4 na 20 ya sukari iliyotengenezwa na majani. Tena mwaka 2017 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha kuwa kuvu hizi haziwezi kujitengenezea asidi za mafuta na hutegemea mmea hata kwa hilo. Ndiyo sababu haziwezi kukuzwa katika chupa ya virutubisho kama hamira au bakteria. Zinahitaji mzizi ulio hai. Hali hii moja inaeleza mambo mengi yatakayofuata, kuanzia bei ya bidhaa zake mpaka udhaifu wa nyingi kati ya hizo.

Nje ya mzizi, kuvu hutandaza nyuzi zenye upana wa maikromita 2 hadi 10. Mzizi mwembamba wa mchungwa una upana wa takriban nusu milimita, hivyo nyuzi hizo hupenya katika nafasi ndogo za udongo ambamo mzizi hauwezi kuingia kabisa. Gramu moja ya udongo wenye afya inaweza kuwa na mita kadhaa za nyuzi hizo, na baadhi ya kuvu hufika zaidi ya sentimita 10 kutoka kwenye mzizi. Tofauti hiyo ya umbali ni kubwa sana kwa fosforasi. Madini hayo hayasafiri kwa urahisi udongoni, na mzizi ukishamaliza fosforasi iliyo katika milimita moja au mbili kandokando yake, hubaki na njaa ilhali kuna akiba karibu. Udongo ukikauka, mwendo wa fosforasi hupungua zaidi. Mti ulio kwenye ukame basi huwa na njaa pamoja na kiu, na mara nyingi njaa ndiyo isiyotambuliwa.

Kuhusu maji yenyewe, wataalamu walibishana kwa miongo mingi. Wapo waliosema kuvu huleta maji moja kwa moja, na wapo waliosema humsaidia mwenyeji wake kwa njia nyingine tu. Mwaka 2022 Anne Kakouridis na wenzake wa California walichapisha matokeo ya jaribio lililotenganisha mizizi ya shayiri-mwitu na udongo wenye maji kwa nafasi ya hewa ambayo nyuzi za kuvu pekee ziliweza kuivuka. Maji ya upande wa pili yalitiwa alama ya isotopu. Maji hayo yalionekana katika mvuke uliotoka kwenye majani, na katika mimea yenye kuvu karibu theluthi moja ya maji yote yaliyopotea kupitia majani yalikuwa yamepitia njia hiyo. Shayiri-mwitu si mwembe, na chungu cha maabara si shamba, lakini jaribio hilo lilitoa ushahidi wa moja kwa moja kwamba nyuzi zinaweza kupitisha maji ya maana.

Njia nyingine za msaada zina uzito sawa au zaidi. Udongo unapokauka husinyaa, na mzizi nao husinyaa, hivyo huachana na chembe za udongo na mkondo wa maji hukatika. Nyuzi za kuvu huziba pengo hilo. Nyuzi hizo pia hushikanisha chembe za udongo katika mabonge madogo yanayoruhusu mvua kupenya badala ya kutiririka juu, na hilo ni faida hata kwa zao litakalofuata. Ndani ya mmea, kuvu hubadili utendaji wa protini zinazoitwa akuaporini, ambazo ni milango ya maji katika seli, na huongeza uwezo wa mmea kuondoa kemikali kali za oksijeni zinazounguza seli wakati wa ukame. Mizizi yenyewe hubadilika umbo na kutoa matawi mengi zaidi.

Mchungwa ni mfano ulio wazi kuliko mingine, na sababu imo katika maumbile yake. Mizizi ya jamii ya michungwa ikiwa udongoni ina vinyweleo vichache na vifupi. Mimea mingi hutegemea vinyweleo kufyonza maji na madini, ilhali mchungwa umeiachia kuvu sehemu kubwa ya kazi hiyo. Wenye vitalu wa California na Florida walilijua hili kwa gharama kubwa. Walizoea kufukiza udongo kwa methili bromidi ili kuua minyoo, magugu na vimelea vya magonjwa kabla ya kusia mbegu. Udongo ulitoka safi, lakini miche ilidumaa na kuwa ya manjano, isipokuwa katika mabaka machache ambapo ilistawi. Wengi walidhani kemikali imebaki udongoni na kuisumisha. Mwaka 1972 Kleinschmidt na Gerdemann wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha kuwa chanzo kilikuwa kukosekana kwa kuvu ya mizizi. Miche iliyorudishiwa kuvu ilirudia ukuaji wake. Kumwagia mbolea nyingi ya fosforasi pia kulisaidia, na hapo ikaonekana ni kiasi gani cha mbolea ambacho kuvu ilikuwa ikikifidia bure.

Utafiti wa mchungwa na ukame umeendelezwa zaidi nchini China, hasa na Qiang-Sheng Wu na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yangtze, mjini Jingzhou, mkoa wa Hubei. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, miche ya mchenza ilipandwa kwenye vyungu, baadhi ikiwa na kuvu na baadhi bila kuvu, kisha ikagawanywa kati ya ile iliyonyweshwa vizuri na ile iliyonyimwa maji. Miche yenye kuvu ilikuwa mirefu na minene zaidi katika hali zote mbili. Chini ya ukame majani yake yaliendelea na usanisinuru kwa kasi zaidi, yalipoteza maji zaidi kupitia vijitundu vyake, na yalikuwa na joto dogo kuliko ya miche mingine. Matokeo hayo yanastahili kutazamwa vizuri. Mtu angetarajia mmea unaohimili ukame ujifunge, ubane vijitundu vya majani na usubiri mvua. Mche wenye kuvu haukujifunga. Uliendelea kufanya kazi kwa sababu ulikuwa ukipata maji na madini ambayo jirani yake hakuyapata. Hata prolini, kemikali ambayo mimea huikusanya inapoteseka kwa ukame, ilikuwa ndogo katika miche yenye kuvu, ishara kwamba shida iliyokuwa ikiihisi ilikuwa nyepesi.

Kazi za baadaye za kundi hilo, nyingi zikifanyiwa miche ya mchungwa wa majani matatu ambao China huutumia kama shina la kubebeshea machungwa, zimeonyesha kuwa kuvu huongeza hata vile vinyweleo vichache vya mzizi wakati wa ukame, na kwamba hupunguza mrundikano wa hidrojeni peroksaidi katika mizizi na majani. Aina za mashina hazitegemei kuvu kwa kiwango kimoja. Kwa hiyo matokeo ya China hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja Muheza, ambako mashamba ya machungwa ya mkoa wa Tanga yametapakaa, wala kwingineko ambako shina linalotumika ni mlimau wa kawaida. Majaribio ya hapa yanahitajika kwa mashina ya hapa.

Kwa matunda mengine ushahidi ni wa viwango mbalimbali. Mipapai iliyojaribiwa Japani na kuchapishwa mwaka 2000 ilihifadhi maji vizuri zaidi katika majani ilipopewa kuvu. Nchini Uturuki, matikiti maji yaliyopewa kuvu yalitoa mavuno makubwa kwa maji yaleyale, yakinyweshwa vizuri au yakibanwa. Jaribio hilo lina thamani ya ziada kwa sababu lilipima matunda. Majaribio mengi huishia kupima urefu wa mche. Mizabibu nayo ina mizizi minene yenye kutegemea sana kuvu, jambo la kuzingatiwa Dodoma, ambako zabibu hulimwa katika ukanda mkavu wenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka.

Ndizi zina sababu yake ya pekee. Migomba ya tishu, inayozalishwa katika maabara na kusambazwa kwa wakulima wa Kenya tangu miaka ya 1990 na baadaye katika nchi jirani, hukua katika chupa zisizo na kiumbe kingine chochote. Usafi huo ndio faida yake, kwa kuwa mche hautoki na minyoo wala mnyauko. Lakini hutoka pia bila kuvu hata moja, tofauti na chipukizi linalong'olewa shambani likiwa na mizizi na udongo wake. Wiki ambazo mche huzoeshwa kwenye kivuli kabla ya kupelekwa shambani ndizo wiki za kuurudishia mshirika wake. Watafiti wa Nairobi, miongoni mwao Joyce Jefwa, wamejaribu jambo hilo kwa aina mbalimbali za udongo, na mafanikio yamebadilika kulingana na udongo na aina ya ndizi.

Udongo mwingi wa mashamba tayari una kuvu hizi. Hoja hii ndiyo inayopaswa kutangulia kila mazungumzo ya kununua chochote. Spora na vipande vya mizizi vyenye kuvu vimo karibu popote palipo na majani hai, na kazi ya kwanza ya mkulima ni kutoviua. Vinauawa kwa njia nyingi. Ardhi iliyoachwa tupu miezi mingi huzifisha kuvu kwa njaa, kwa kuwa hakuna mzizi wa kuzilisha. Kutifua mara kwa mara hukata mtandao wa nyuzi kabla haujakamilika. Kumwaga udongoni viuakuvu vya kundi la kabendazimu huzipunguza, na dawa za kopa zinazopuliziwa machungwa mwaka baada ya mwaka hurundikana katika udongo hadi kufikia kiwango kinachozidhuru. Mbolea nyingi ya fosforasi, kama DAP au TSP, huufanya mmea uache kutoa wito wake wa kikemikali, na ushirika hufifia bila mkulima kuona dalili yoyote juu ya ardhi, mpaka maji yanapokatika.

Mazao yanayotangulia au kuchanganywa na miti nayo yana mchango wake. Kabichi, sukuma wiki, haradali na figili hazishirikiani na kuvu hizi, na mchicha, spinachi na bitiruti ni vivyo hivyo. Shamba lililolimwa mboga hizo kwa misimu mfululizo huwa na kuvu chache, na mche wa mwembe ukipandwa hapo huanza maisha peke yake. Mahindi, mtama, kunde, njugumawe na desmodiamu huzilisha kuvu vizuri sana. Kupanda kunde kati ya mistari ya miti michanga wakati wa mvua ni kazi yenye faida mara mbili, ila zifyekwe kabla ya kiangazi kukolea na kutandazwa juu ya udongo. Zikiachwa zikiwa hai zitagombania maji na mti uleule unaokusudiwa kusaidiwa. Ushauri wa kufunika ardhi hutolewa mara nyingi bila tahadhari hii, na katika maeneo makavu tahadhari hii ndiyo inayoamua kama mti utapona.

Mahali ambapo kuongeza kuvu kuna maana kubwa zaidi ni kitaluni. Udongo wa viriba mara nyingi hupikwa kwenye pipa, au huanikwa juani chini ya nailoni ili kuua minyoo na vimelea, na kuvu njema hupungua au hufa pamoja na vimelea hivyo. Mche mchanga una mizizi michache, hivyo kiasi kidogo cha kuvu hutosha kuijaza, na mche hupelekwa shambani ukiwa na mtandao tayari. Mti mzima ulio shambani ni habari nyingine. Kunyunyizia unga wa kuvu juu ya ardhi chini ya mwembe wa miaka kumi, wenye mizizi iliyokwisha kushikwa na kuvu za hapo, kwa kawaida ni kutupa fedha.

Kikundi cha wakulima kinaweza kuzalisha kuvu chenyewe. Huchukuliwa udongo na mizizi midogo kutoka mahali penye majani ya asili au mti wa matunda uliostawi bila mbolea nyingi. Kiasi kidogo huchanganywa na mchanga uliochemshwa na kupoa, ndani ya vyungu au viroba, kisha hupandwa mtama au mahindi. Mimea hiyo hutunzwa miezi mitatu hadi minne, bila mbolea ya fosforasi au kwa kiasi kidogo mno. Halafu maji hukatwa ili kuvu zitoe spora kwa wingi. Mimea ikishakauka, sehemu ya juu huondolewa, na mizizi hukatwakatwa na kuchanganywa na mchanga wake. Kijiko kimoja au viwili vya chakula vya mchanganyiko huo huwekwa katika tundu la kiriba, chini kabisa ya mbegu au mizizi ya mche, ili viguse mizizi inayokua. Huko Pennsylvania, Marekani, mtafiti David Douds pamoja na taasisi ya Rodale waliendeleza njia ya aina hii kwa wakulima wanaotaka kujitegemea, wakitumia nyasi na mboji.

Njia hiyo ina hatari moja isiyopaswa kufichwa. Udongo unaobeba kuvu njema unaweza kubeba pia minyoo fundo, mnyauko wa migomba, au vimelea vinavyoozesha mizizi ya parachichi na machungwa. Kwa sababu hiyo udongo wa kuanzia usichukuliwe katika shamba lenye mti mgonjwa wa jamii ileile ya miche inayokusudiwa. Kuotesha kuvu kwenye mtama kwanza, badala ya kuhamisha udongo moja kwa moja, hupunguza hatari hiyo kwa kuwa vimelea vingi vya mti wa matunda havipati pa kuishi kwenye mtama. Haiondoi yote.

Bidhaa za dukani zinahitaji jicho kali. Kuanzia 2009 mradi wa COMPRO, uliokuwa chini ya taasisi ya utafiti ya TSBF-CIAT jijini Nairobi, ulipima zaidi ya bidhaa 100 za kibiashara za kuboresha udongo na mazao nchini Kenya, Ethiopia na Nigeria, zikiwemo za kuvu ya mizizi. Nyingi hazikuonyesha faida iliyoahidiwa, na awamu ya pili ya mradi ililazimika kushughulikia ukaguzi na usajili wa bidhaa za aina hiyo. Uchunguzi uliofanywa baadaye katika mabara mengine umeonyesha hali hiyohiyo: pakiti nyingi zina spora zilizokufa au chache mno, na baadhi haziwezi kushika mzizi hata katika udongo usio na mshindani. Sababu zinaeleweka. Kuvu iliyo hai huathiriwa na joto, na pakiti iliyokaa miezi juu ya rafu chini ya bati hupoteza uhai wake. Nyingine zimechanganywa na mbolea, kisha mche ukikua sifa hupewa kuvu.

Bahati nzuri ni kwamba uthibitisho hauhitaji vifaa vya gharama. Mizizi midogo ya mche hupikwa katika potashi kali mpaka iwe nyeupe, kisha hupakwa rangi. Tangu 1998 inajulikana kuwa wino wa kawaida wa kalamu uliochanganywa na siki hutosha kazi hiyo, badala ya rangi za maabara zenye sumu. Chini ya hadubini, nyuzi na vijiti vya kuvu huonekana dhahiri ndani ya seli, na asilimia ya mzizi ulioshikwa huhesabika. Chuo chochote cha kilimo chenye hadubini kinaweza kufanya hivyo. Kupima mizizi ya miche kumi kutoka kitalu kinachonadi miche yenye mikoriza ni kazi ya siku moja.

Mipaka ya kuvu yenyewe nayo ni ya kweli. Haitengenezi maji. Udongo ukikauka kabisa kwa kina chote cha mizizi, nyuzi hazina cha kuleta, na mti utakufa ukiwa na kuvu zake. Katika udongo wenye fosforasi tele na maji ya umwagiliaji wa matone, mti unaweza kuilipa kuvu sukari bila kupata cha maana. Faida hudhihirika zaidi katikati: udongo hafifu, fosforasi kidogo au iliyofungamana, na kiangazi kinachobana bila kuua. Sehemu kubwa ya mashamba ya matunda ya wakulima wadogo kuanzia Makueni hadi Dodoma yana hali ya aina hiyo. Hapo kuvu hufanya kazi vizuri pamoja na mbinu nyingine: samadi iliyooza vizuri, matandazo, makinga maji, na fosfati ya mawe ya Minjingu kutoka mkoani Manyara, ambayo hutoa fosforasi polepole na haiuzimi ushirika kama mbolea za kuyeyuka haraka.

Anayetaka kuanza aanzie kwenye mche. Amuulize mwenye kitalu kama udongo wa viriba umepikwa, na kama umepikwa, kuvu imerudishwa kwa njia gani. Apunguze fosforasi ya kuyeyuka katika miezi ya kwanza, asiiache ardhi tupu, wala asinunue pakiti isiyo na tarehe ya kutengenezwa, jina la kuvu na idadi ya spora hai. Mamlaka zinazosajili mbolea na miche nazo ziweke kipimo cha mizizi iliyoshikwa na kuvu kuwa sharti kwa kila bidhaa ya mikoriza inayouzwa. Kipimo hicho ni rahisi, na mkulima anayelipia mshirika wa mizizi ana haki ya kupewa mshirika aliye hai.